Shule Iliyokufa Mara Kumi na Tisa

Sitasimulia njia. Aliyefika amefika, na msomaji hapungukiwi na kitu kwa kutojua nilivuka mito mingapi. Niseme tu kwamba niliingia nchi ya Uzinduzini nikiwa karani wa mji wa Chanikiwiti, nimetumwa na wazee wetu kujifunza jambo moja. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba watu wa nchi hiyo wamefungua shule kumi na tisa za watoto wadogo katika miaka kumi na tisa, bila kuruka hata mwaka mmoja. Sisi tulikuwa na moja, na hiyo moja ilikuwa inayumba. Wazee wakaniambia, "Shekue, nenda ukaone wenzetu wanafanyaje, kisha urudi utueleze bila kuongeza chumvi."

Nilipokewa na Msajili wa Mambo Mapya, Bwana Mkongwa, mtu mpole mwenye kope nzito, aliyekuwa akiifuta kalamu yake kwa kitambaa kila alipomaliza kuandika mstari. Alinifungulia kitabu kikubwa. Shule zote kumi na tisa zilikuwamo, kila moja na jina lake, tarehe ya kuzinduliwa, jina la mhisani aliyetoa mali na jina la mheshimiwa aliyekata utepe. Chemchemi ya Akili. Nuru ya Vichanga. Bustani ya Kesho. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona.

"Na zinazoendelea zimeandikwa wapi?" nikauliza.

"Zinazoendelea zipi?"

"Hizi hizi, baada ya kufunguliwa."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. "Kitabu hicho hatuna," akasema.

Ndipo aliponisomea Sheria ya Upya, ambayo niliinakili kama ilivyo: *Hazina haitatoa kitu, wala mhisani hataruhusiwa kutoa kitu, kwa jambo lililokwisha kuanza, kwa kuwa lililoanza limekwisha kupata lake.* Ukuta, paa, madawati, kengele, hivyo hutolewa kwa moyo mkunjufu, maana huja mwanzoni na vinaweza kuandikwa jina. Lakini unga, mkaa, chaki, dawa ya minyoo na mshahara wa mwalimu huitwa kisheria Mambo ya Pumzi. Pumzi hailipiwi. Jambo lenye afya, kwa mujibu wa sheria hiyo, hupumua lenyewe.

Nikauliza kama wazazi huchangia. Bwana Mkongwa alikunja uso kidogo, si kwa hasira. "Hapa malezi ni bure, Bwana Shekue. Tulitangaza mbele ya mataifa. Mzazi akionekana anapeleka hata kibaba cha unga shuleni, anashitakiwa kwa kuitia nchi aibu."

"Basi anayelipa ni nani?"

"Kwetu mtoto halipiwi," alinijibu kwa fahari, na baadaye niligundua kwamba alikuwa amesema kweli tupu.

Kesho yake alinichukua nikazione shule. Tulianza na Chemchemi ya Akili, nyumba ndefu ya matofali karibu na soko la nafaka. Hatukuingia. Tulisoma kibao, tukazunguka mtaa mmoja, tukapita kwa wafua vyuma, tukasimama tena mbele ya nyumba ndefu ya matofali karibu na soko la nafaka.

"Bwana," nikasema, "hapa tumeshafika."

"Tulifika Chemchemi ya Akili. Hii ni Nuru ya Vichanga. Soma kibao."

Nikasoma. Kweli, palikuwa na kibao kingine pembeni ya kile cha kwanza. Tulipozunguka mara ya tatu nilimsihi tusimame, maana jua lilikuwa kali na nilikuwa nimeelewa. Shule ilikuwa moja. Kila mwaka ilifungwa, ikatangazwa kuwa imekufa, ikakaa siku arobaini za matanga, kisha ikazaliwa kwa jina jipya ili iweze kupewa kitu. Vibao vyote kumi na tisa vilikuwa vimepigiliwa ukutani, na kwa kuwa ukuta ulikuwa umejaa, vya miaka ya karibuni vilikuwa vimepigiliwa juu ya madirisha, vikayaziba. Ndani palikuwa na giza, na watoto arobaini na mmoja wa miaka mitatu hadi sita walikuwa wakiimba majina ya wanyama humo gizani.

Mkuu wa shule aliitwa Bi. Sihaba. Nilimkuta ameketi sakafuni akishona mkeka uliofumuka, miguu ameinyoosha, miwani imefungwa kwa uzi. Alingoja Bwana Mkongwa aondoke ndipo akanikaribisha uji.

"Umekuja wakati wa msiba, mgeni wetu," aliniambia. "Tunakufa baada ya siku tisa."

Nilimuuliza kwa nini asiwaeleze wakubwa kwamba shule inahitaji kuendelea. Aliinuka, akaniletea karatasi ya maombi ambayo huijaza kila mwaka. Swali la kwanza lilikuwa: *Jambo hili litajitegemea lini?* Palikuwa na nafasi ya kuandika tarakimu moja, isiyozidi tatu.

"Mwaka wa kwanza niliandika ishirini," alisema. "Nikaeleza kwamba mtoto wa miaka minne hajitegemei, na kwamba akipewa uji, nyimbo na mtu wa kumtazama, akifika miaka ishirini na nne ataitegemeza nchi. Ikarudishwa. Wakasema tarakimu mbili haziingii kwenye kisanduku. Tangu hapo naandika tatu, na kila mwaka naiandika upya, maana kila mwaka sisi ni wapya."

"Hamjajaribu kuwa na mradi wa kuingiza kipato?"

Mwalimu aliyekuwa akigawa vikombe, binti mmoja mrefu aitwaye Chausiku, aliangua kicheko akajiziba mdomo. Bi. Sihaba hakucheka. Alinieleza habari za Mwaka wa Kuku. Wahisani walileta kuku mia tatu ili shule ijilishe. Walimu wakageuka wafugaji. Asubuhi walikamata kuku, mchana walitafuta mayai, jioni walimfukuza kicheche, na watoto wakawa wanakaa wenyewe. Kuku waliula unga wa ulezi uliokuwa wa uji. Mwishowe Idara ya Mifugo ikaichukua shule chini ya mamlaka yake, na bwana mmoja akaja na sindano ya kideri, ugonjwa wa kuku, akitaka kuwachanja wote waliomo.

"Wote?" nikauliza.

"Wote. Nilisimama mlangoni na ufagio."

Siku ya tisa shule ilikufa. Nilihudhuria. Mtunza Mkasi, ambaye ana nyumba ya serikali na mshahara usiowahi kuchelewa kwa sababu mkasi hutumika kila siku mahali papya, alifunga mlango na kutia lakiri, muhuri wa nta nyekundu. Mheshimiwa mmoja alisoma wasifu wa marehemu, akataja mafanikio yake, akasema ametutoka mapema mno. Watu wakapiga makofi. Watoto walipelekwa nyumbani kusubiri siku arobaini, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu. Wengi wa mama zao ni wauzaji wa soko la nafaka, na baba zao wengi huchimba chokaa mbali na mji.

Nilikuwa nimepanga chumba jirani, nikisubiri kuona uzinduzi wa ishirini. Siku ya nne ya matanga, asubuhi, nilisikia harufu ya ulezi. Niliifuata hadi uani kwa Bi. Sihaba, nyuma kabisa ya shule iliyokufa. Nikawakuta wote arobaini na mmoja wamekaa kwenye mikeka, wakiimba kwa mnong'ono. Sijawahi kusikia kitu kama hicho, watoto wadogo wakiimba majina ya wanyama kwa kunong'ona. Chausiku alikuwa anakoroga sufuria. Unga ulikuwa umeletwa na akina mama alfajiri, ndani ya vikapu, chini ya mboga.

Bi. Sihaba aliniona nimesimama. Hakushituka. Alimwita mtoto mmoja wa kiume wa miaka saba aliyekuwa amekuja kumleta mdogo wake, akamwambia, "Shomari, mwamkie mgeni." Mtoto akanipa mkono. Ngozi yake kutoka kiganjani hadi kiwiko ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyopata moto.

"Matanga ya miaka mitatu iliyopita," alisema Bi. Sihaba, Shomari alipoondoka. "Alikuwa na miaka minne. Alifungiwa ndani pamoja na dada yake wa miaka minane, na dada yake akataka kumpikia uji kama wa hapa. Tangu siku ile nasaini kwamba tumekufa, kisha narudi kupika. Kaa, mgeni. Uji utapoa."

Nikakaa, nikanywa. Nililetewa kikombe cha pili nikakinywa pia.

Harufu iliyoniongoza mimi iliwaongoza na wengine. Siku ya kumi na moja Bwana Mkongwa alikuja na askari wawili. Hakupaza sauti. Aliandika majina, akaifuta kalamu, akamwambia Bi. Sihaba kwamba anashitakiwa kwa Kupumua Baada ya Kufungwa, na kwamba Baraza litamsikiliza Alhamisi. Kisha akaniomba tutembee.

"Wewe ndiye shahidi pekee asiye mzazi wala mwalimu," alianza. "Nataka uelewe jambo lilivyo. Ukisema ulimkuta Bi. Sihaba peke yake, akijipikia, kesi itakwisha kabla ya adhuhuri. Yeye atarudi nyumbani, shule itazaliwa kwa tarehe yake, watoto watapata madawati mapya, na mimi nitakugongea mhuri kwenye kila ukurasa ulionakili, uruhusiwe kutoka nao. Ukisema ulichokiona, atapigwa marufuku kulea mtoto wa mtu maisha yake yote. Mimi sina ugomvi naye. Binti yangu alisoma hapo, ilipokuwa Bustani ya Kesho."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Sikuona mtu ambaye uongo ule ungemdhuru, na hilo ndilo lililonisumbua. Jumatano nikaenda kwa Bi. Sihaba, nikamweleza kila kitu, nikamwambia nipo tayari kusema alivyotaka Msajili.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Baba," aliniambia, "ukisema nilikuwa peke yangu, mwakani nitasaini tena. Na mwaka mwingine. Chausiku ana miezi mitano hajalipwa, kwa sababu mwalimu si kitu kipya. Wenzake watatu huniaga kila mwezi, kila mwezi nawabembeleza. Siku moja sitapata mtu wa kumbembeleza, na siku hiyo tutakufa kweli, na hapatakuwa na tofauti yoyote kwenye kitabu chao. Sema ulichokiona. Nimechoka kufa kila mwaka."

"Na wakikupiga marufuku?"

Alirusha ungo mara moja, pumba zikaruka. "Nitakuwa nimepigwa marufuku nikiwa hai," akasema.

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Wajumbe walikuwa thelathini, wakiongozwa na Mheshimiwa Lugongo, mzee mwenye sauti nene ambaye husinzia kwa heshima. Akina mama wa soko walikaa juu, kwenye viti vya wasikilizaji, na mbele yao alikuwa Mama Tunu, muuza mtama na mwenyekiti wao, amempakata binti yake mdogo.

Bi. Sihaba alipoulizwa kama anakana shitaka, alijibu kwamba hakani, ila anaomba Baraza limweleze uji ni jambo kongwe au jipya. "Waheshimiwa, uji wa jana umekwisha liwa. Wa leo haukuwahi kuwako duniani kabla ya leo asubuhi. Kama mnapenda mambo mapya, hakuna jipya kuliko uji."

Hoja hiyo iliwashika kwa saa tatu. Mjumbe mmoja alipendekeza uji uwe unazinduliwa kila alfajiri, kwa utepe mfupi. Mtunza Mkasi akapinga, akisema hali yake haimruhusu kuamka mapema. Mwingine akauliza kama uji uliopashwa moto ni mpya au umerudia. Bwana Mkongwa, alipotakiwa kutoa maoni ya kitaalamu, alisema kwamba uji ni mpya lakini njaa ni ile ile, na kwamba sheria hutazama njaa. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu bila kujua niyaweke chini ya kichwa gani.

Nikaitwa. Nilisema niliona watoto arobaini na mmoja, kwamba niliwahesabu, kwamba walikuwa wakiimba kwa kunong'ona, na kwamba nilikunywa vikombe viwili.

"Una hakika walikuwa watoto wa shule iliyofariki?" aliuliza Mheshimiwa Lugongo.

"Walikuwa wale wale, Mheshimiwa. Na wameniambia imekuwa hivyo kila matanga, miaka mitatu sasa."

Sikujua nilichosema hadi nilipoona nyuso zao. Mjumbe mmoja mwanamke, aliyevaa kilemba cha manjano, alisimama polepole. "Kama haikufa mwaka huu," alisema, "na haikufa mwaka jana, basi mwaka jana mimi nilizindua nini?"

Wajumbe kumi na mmoja ndani ya ukumbi ule walikuwa na majina yao kwenye vibao. Kama shule ilikuwa haifi, na hakuna aliyejua kwa hakika tangu lini, basi walikuwa wamekata utepe wa kitu kilichokwisha kuanza, na waliotoa na waliopokea wote walikuwa wahalifu chini ya sheria waliyoitunga wenyewe. Mheshimiwa Lugongo, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, alitangaza mapumziko. Waliporudi alisoma hukumu kutoka kwenye kipande cha karatasi.

"Baraza limeridhika kwamba shule ilikufa siku ile ilipotiwa lakiri. Kwa kuwa ilikufa, haikuwa na watoto. Kwa kuwa haikuwa na watoto, hakuna mtoto aliyekunywa uji. Mgeni alikunywa, lakini mgeni si mtoto. Mshitakiwa yuko huru. Kwa usalama, jengo litakabidhiwa kwa wasimamizi wapya, na mshitakiwa hatalikaribia."

Juu, Mama Tunu alisimama na binti yake kiunoni. "Na huyu?" aliuliza.

"Huyo hayupo, mama. Keti."

Hakuketi. Alimtazama mtoto wake, akamtazama Mheshimiwa Lugongo. "Nauliza nipate kuelewa, Mheshimiwa. Kama huyu hayupo, na shule haipo, nikimpa Bi. Sihaba unga, nimevunja sheria ipi?"

Mheshimiwa Lugongo alimgeukia Msajili. Bwana Mkongwa alichukua muda mrefu kuifuta kalamu yake. Alikuwa anatazama meza. "Hakuna sheria juu ya unga wa mtu asiyekuwepo," alisema, kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie.

Sikuwahi kumuuliza kama alijua anachofanya. Alinigongea mihuri yangu Jumamosi, kurasa zote, ingawa sikusema alivyotaka.

Jengo lilichukuliwa. Uzinduzi wa ishirini ulifanyika siku ya arobaini, nami nilikuwapo. Shule mpya iliitwa Kilele cha Malezi na ilikuwa safi sana. Wasimamizi walikuwa wameona kwamba watoto ndio hupandisha gharama, kwa hiyo hawakuwaandikisha, na wageni wa heshima huonyeshwa madawati.

Akina mama walikutana kwenye ghala la mtama lililokuwa tupu upande wa mashariki wa soko. Niliruhusiwa kukaa mlangoni. Mama Tunu alianza kwa kuuliza swali ambalo katika Baraza halikuulizwa hata mara moja.

"Tuseme ukweli. Ukiwa na mtoto chini ya meza unauza kiasi gani?"

"Nusu," alijibu muuza nyanya. "Muda uliobaki nasema toa mdomoni, weka chini, njoo hapa."

"Mimi juzi nilimpimia mteja pishi mbili badala ya moja, nikimkimbiza huyu," akadakia mwingine.

Waliendelea hivyo, kila mmoja akitaja hasara yake, hadi ikaonekana wazi kwamba walikuwa wanalipia shule tangu zamani, ila walilipa bila kuipata. Wakaanza kuahidi unga. Huyu kibaba, yule vibaba viwili. Bi. Sihaba aliwakatiza.

"Msianze na uji, wanangu. Uji mtautoa kwa huruma, na leo mna huruma nyingi. Anzeni na mshahara wa mwalimu. Huo hakuna anayeuonea huruma, na ndio uliotuua miaka yote. Mkiupata huo kila mwezi, bila kukosa, ndipo tuzungumze uji."

Pakazuka ubishi mkali. Wengine walitaka kila mama alipe kwa idadi ya watoto wake. Mama mmoja mwenye watoto watatu akaanza kulia, na mwenye duka la vitambaa akasema yeye hawezi kumbebea mtu uzazi wake. Walizozana hadi jua likafika utosini. Mwishowe wakakubaliana kila meza ilipe kwa ukubwa wake, meza kubwa zaidi, ndogo kidogo, awe na mtoto mmoja au watatu. Mwenye vitambaa aliondoka kwa hasira. Mhisani akitaka kujenga choo au kuezeka paa, walisema, ataachwa ajenge, naye atashukuriwa. Lakini mwalimu na sufuria ni vya soko.

Sitaki kuonyesha kwamba mambo yalikuwa mepesi. Watoto kumi na wawili hawakurudi, kwa kuwa mama zao hawakuwa wauzaji wa soko lile na ghala lilikuwa mbali kwao kuliko jengo la zamani. Bi. Sihaba aliyataja majina yao kila asubuhi wiki nzima, kisha akaacha. Walimu wawili kati ya wanne waliondoka, mmoja akaajiriwa kuandika vibao, kazi yenye malipo ya uhakika, na simlaumu. Ghala lilivuja. Lakini lilikuwa na madirisha, na watoto ishirini na tisa waliimba humo kwa sauti ya kawaida, yaani kwa makelele.

Niliandika ripoti yangu kwa wazee wa Chanikiwiti ikawa kurasa mbili tu, nikiwaeleza kwamba shule kumi na tisa sikuziona, na kwamba ile yetu moja, kama bado ipo, wasiifungue upya bali wamlipe mwalimu. Nilikuwa nimefunga mizigo, ila nikachelewa siku moja ili nione mwisho wa mwezi.

Siku hiyo Mama Tunu aliweka meza mbele ya ghala na kila mwenye meza sokoni akaja na sehemu yake. Chausiku aliitwa. Alipokabidhiwa bahasha hakujua asimame wapi. Aliuliza kama anatakiwa kusaini popote kwamba amekufa. Watu wakacheka, yeye akawa analia. Akaomba ruhusa ya saa moja akanunue viatu, akapewa.

Mwenye duka la vitambaa alikuja pia, akaweka chake akaenda zake.

Tulipodhani kazi imekwisha, alifika Bi. Mize, muuza chumvi, mwanamke wa makamo ambaye meza yake ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Alifungua fundo la kanga yake, akaweka sarafu mezani moja moja.

"Bi. Mize," alisema Mama Tunu, "wewe hukuandikwa. Huna mtoto hapa."

"Najua sina."

"Wala mjukuu."

"Wala mjukuu. Hesabu basi, nina haraka."

Mama Tunu hakuhesabu. Alikuwa anasubiri. Bi. Mize alichungulia ndani ya ghala, ambako watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka baada ya uji, mmoja amemwekea mwenzake mguu usoni.

"Mimi nitazeekea mji huu huu," alisema, "na hawa ndio watakaokuwamo."

Kisha akafunga fundo la kanga na kuondoka kwa hatua za haraka, kwa maana alikuwa ameacha chumvi wazi, na wingu lilikuwa linakuja.